Chumba Kama Nilivyokikuta

Bawaba ya mwisho ilinigomea. Nilikuwa juu ya stuli, bisibisi mkononi, jasho linaniingia machoni, na chini yangu mwenye nyumba amekumbatia karatasi zake akiniuliza, kwa mara ya nne, kama nimerukwa na akili.

"Akili ninayo, Mzee," nikamjibu. "Natekeleza kifungu cha saba."

Tulimwita Mzee Kifungu, ingawa si mbele yake. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Yeye alistaafu, ukarani wake ukakataa. Kwenye bomba la uani alibandika masharti ya bomba. Kuku wa jirani alipoingia kwake aliandikiwa barua ya onyo, yule kuku, na nakala akapelekewa jirani.

Miaka mitano kabla ya siku hiyo, nilipohamia pale na mama yangu, chumba kilikuwa balaa tupu. Mzee hakunificha. Aliandika orodha ya kasoro zote, ishirini na tatu, ili kesho nisije nikamsingizia, akanisomea kwa sauti tukiwa tumesimama mlangoni, yaani pale ulipotakiwa kuwa mlango. "Moja. Mlango: haupo. Mbili. Dirisha: halina kioo, limezibwa kwa gunia. Tatu. Dari: haipo. Nne. Panya: wapo." Nikasaini. Kodi ilikuwa nafuu, na mimi ni seremala.

Nikakitengeneza kidogo kidogo, kila Jumapili. Nikaweka mlango wa mbao ngumu, dirisha la vioo sita, dari, rafu. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ubao wa kushikia. Mama macho yalikuwa yamekwisha, anaona mwanga tu. Nikampigia ubao mwembamba ukutani, kuanzia kitandani kwake, ukatoka nje, ukafuata ukuta wa uani mpaka bombani. Niliupiga msasa siku tatu nzima usije ukamchoma. Basi mama akawa anakwenda kuchota maji mwenyewe, kuoga mwenyewe, na kugombana na wapangaji wenzake pale bombani mwenyewe, bila kuwakilishwa na mtu. Nilikuwa nikimsikia nikiwa ndani, nafurahi peke yangu.

Kisha mpwa wa Mzee akapata mchumba, akakiona chumba chetu, akakitamani. Notisi ikaja: mwezi mmoja, saini, tarehe, kila kitu. Nikaipeleka ofisi ya mtaa, pamoja na mkataba, nikiwa nafoka njia nzima. Mama wa ofisini aliusoma mkataba wote, mstari kwa mstari, chai yake ikipoa.

"Notisi yake imekamilika, kaka. Nyumba ni yake, na mwezi ni mwezi."

Nikamwona akilini mama yangu kwenye chumba kigeni, ameketi kitandani tangu asubuhi, anasubiri mtu wa kumshika mkono. Machozi yakanilengalenga mbele ya foleni nzima, wala sikujali.

"Lakini hiki cha saba umekisoma?" akauliza yule wa ofisini, akanigeuzia karatasi. *Mpangaji atakirudisha chumba kama alivyokikuta, bila kuongeza wala kupunguza. Rejea orodha.*

"Ulivyoweka wewe ni vyako," akasema. "Ng'oa, ila ukuta wake usiuharibu."

Lo! Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Ndiyo maana siku ya mwisho ya notisi ilinikuta juu ya stuli. Dari ilishashuka, dirisha lilishatoka. Gunia nililitafuta sokoni, maana lile la kwanza lilioza, na mimi sikutaka kuvunja mkataba. Kuhusu panya nilimwomba Mzee anipe muda. Bawaba ikaachia, mlango ukatoka, na wakati huohuo mpwa akaingia uani na mchumba wake, pamoja na shangazi wa mchumba aliyekuja kukagua.

Shangazi akachungulia. Akatazama juu, akatazama gunia.

"Hapa ndipo?"

"Kinarekebishwa, shangazi," mpwa akasema haraka.

"Mjomba wako aseme."

Maskini Mzee! Uongo angeweza, lakini si mbele ya karatasi. "Kwa mujibu wa mkataba," akasema kwa sauti ya chini, "kinarudishwa."

"Basi sisi tunarudi," shangazi akasema, akamshika binti mkono. "Mtoto wetu haolewi kwenye gunia."

Wakaondoka, mpwa nyuma yao anabembeleza. Nikacheka mpaka nikashuka kwenye stuli kwa usalama wangu. Ushindi ukanipanda kichwani. Ubao wa kushikia nao haumo kwenye orodha, nikasema kwa sauti, asikie vizuri, nikafungua parafujo za kipande cha katikati, nikakitoa.

Mama alikuwa bombani. Akaja na ndoo yake, mkono kwenye ubao kama kawaida. Ubao ukaisha. Akapapasa ukuta, akakuta matundu ya parafujo. Akasimama palepale, maji yanamwagika miguuni.

"Mwanangu," akaita, "ukuta umekwenda wapi?"

Nilikuwa bado na bisibisi mkononi. Mzee ndiye aliyesogea. Akaziweka karatasi zake chini kwenye vumbi, kitu ambacho sijakiona kabla wala baada, akapokea ndoo, akauweka mkono wa mama begani kwake.

"Upo, dada. Nifuate mimi."

Alipomfikisha kitandani akaketi juu ya stuli yangu, akaandika. Notisi aliipigia mstari, akaandika "imefutwa", akasaini, akanipa nakala. Kisha akanisomea kifungu kipya, cha ishirini na nane: *Ubao wa kushikia hautaondolewa na upande wowote, kwa sababu yoyote, wakati wowote.*

"Sasa rudisha mlango wangu."

"Mlango wangu, Mzee."

"Wako. Rudisha."

Mama aliishi pale miaka minane zaidi. Alipofariki nilihama, nikaacha kila kitu mahali pake, na Mzee hakunikumbusha kifungu cha saba.

Mwezi uliopita nilipita mtaa ule. Ubao ulikuwepo, tena umeongezwa kwa kiungo kibovu cha fundi mwingine, mpaka mlangoni kwa Mzee. Naye huyo anakuja na ndoo, taratibu, macho yametanda ukungu, mkono juu ya ubao. Niliona kipande kimelegea, nikakigusa.

"Nani anagusa hapo?"

"Seremala, Mzee. Parafujo imelegea."

"Kifungu cha ishirini na nane kinasemaje?"

Nikamsomea kwa kichwa, chote, bila kuongeza wala kupunguza. Akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akaondoa mkono wake, nikakaza.