Maharage ya Edgar Yamesimama

Asubuhi ile ya Jumatano nilikuwa barazani nachambua mchicha, na mjukuu wangu Blessing anaandika kazi yake ya likizo. Mwalimu wa Kiingereza alitaka maneno ya Kiswahili cha mtaani ya kumwita mtu anayepayuka ovyo.

"Bibi, sisi tunasemaje?"

"Domokaya. Mropokaji. Andika na asiye na breki." Tukacheka.

Ng'ambo ya bonde rafiki yangu Koleta alikuwa anaanika mashuka. Huku Myamba hatushuki bonde kwa ajili ya salamu, tunaitana.

"Mama Edgar! Maharage yenu mbona yamesimama hivyo? Yetu yamelala kama wagonjwa!"

Nikaweka ungo chini, nikasogea ukingoni. "Edgar kayanywesha jana alfajiri! Yamekunywa mpaka yamekinai!"

Sauti ikaenda, ikagonga mlima, ikarudi.  Koleta akageukia kamba, akaendelea kuanika.

Hapo ndipo nikakumbuka. Jana ilikuwa Jumanne, na Jumanne maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ni zamu ya jirani yetu Hezroni. Mwanangu Edgar aliniambia jikoni kwa kunong'ona: shamba linamfia, ameziba mfereji wa Hezroni kwa saa moja tu. "Mama, nakuomba. Wakijua, wataninyima maji mpaka mavuno."

Blessing aliacha kuandika.

Jioni tukaitwa kwenye kikao cha wenye zamu, palepale kwenye ndiva. Hezroni hakufoka, afadhali angefoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ulisema, au hukusema?"

Edgar alikuwa anatazama matope kwenye buti zake. Kilima kizima kilinisikia, ningekana nini?

"Nilisema. Na ni kweli."

Wakamwondoa Edgar kwenye zamu ya maji mpaka mavuno.

Sasa ni wiki ya tatu. Maua yamepukutika, majani yamejikunja. Nachota maji kwa ndoo, nanywesha mistari miwili iliyo karibu na nyumba. Wa tatu mgongo unakataa. Edgar hajanigombeza hata mara moja. Ananiamkia, ananiuliza kama nimekula. Ila akiwa na neno la kumwambia mkewe, wanatoka wote wawili, wanakwenda kulisemea nyuma ya zizi.

Leo wametoka tena. Koleta akaita kutoka ng'ambo, "Mama Edgar! Mmeamkaje?"

Nikainua mkono tu.