Kusokota na Kusokotoa

"Mwenzangu, mwenye tanuri ameshazikwa. Hilo unamwashia nani?"

Jirani yangu mshonaji aliniuliza hivyo asubuhi moja alipoona moshi kwenye karakana. Nilikuwa nawasha kwa ajili ya mikono yangu, isije ikasahau. Miaka yote ya ndoa nilimvutia mume wangu, mhunzi, mivukuto ya kupulizia moto, na kazi ikipungua alikuwa akinipa nyundo na kusema, "Haya, Bi Makaa, zamu yako." Watu wa nje walijua napeleka chai tu.

Karakana ni ya chama cha mafundi, na tanuri hupewa anayeweza kulifanyia kazi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alishawaambia kuwa nafasi ile ni yake. Vile vishikio vya kikapu, vyenye tumbo wazi la nondo katikati, vilivyopamba mageti ya mtaa mzima, alisema, alivifua bega kwa bega na kaka yake. Nikamwendea mwenyekiti, fundi kufuli, nikaomba jambo moja: mafundi waje wanione nikifua kishikio, kisha waamue.

Wakaja, wakajaa mpaka mlangoni. Shemeji alisimama mbele, amevaa aproni ya ngozi ya marehemu. Iliniuma.

"Shemeji, chunga mtandio usiungue," akasema. Wakacheka.

"Chuma hakina macho, hakijui kinapigwa na nani," fundi wa visu akamjibu. "Wewe unayo, tazama."

Nikasema kimoyomoyo, Ee Mungu, ulinipa mikono hii, usiiache leo. Nikachukua nondo nne nyembamba nilizokwisha kuziunga pamoja ncha zote mbili, nikazilaza kwenye makaa. Zilipoiva rangi ya chungwa nikabana ncha moja kwenye jiliwa, ya pili nikaishika kwa spana, nikazungusha. Zikajisokota zikabanana kama kamba.

"Hiyo tunaijua," mmoja akanong'ona.

Nikazirudisha motoni. Zilipoiva tena nikazibana palepale, na safari hii nikaanza kuzizungusha kinyume.

Shemeji akaruka. "Kakosea! Jamani, si mnaona? Anafumua kazi yake mwenyewe! Mimi nimefua hivi mpaka nimechoka, ukishasokota umemaliza!"

Watu wakaguna. Mgongo ulinilowa jasho, lakini sikugeuka. Chuma hakingoji maneno yaishe. Nikazungusha pole pole, huku nikigonga kichwa cha nondo kwa nyundo ndogo. Zikaanza kuachana. Katikati pakafanya tumbo, kila nondo ikajipinda peke yake, mpaka zikawa kama vidole vilivyoshika yai. Kabla kishikio hakijapoa nikakisugua kwa brashi ya shaba nyeupe, kikashika rangi ya dhahabu.

Hakuna aliyecheka.

"Bwana mdogo," fundi wa visu akasema, "hebu rudia. Ukishasokota umemaliza?"

Shemeji akakaza kamba za aproni.

"Sasa kile kikapu mlikuwa mnakipanuaje? Mnakipuliza kama puto?"

Hapo karakana nzima ikaangua kicheko. Mwenyekiti akainua mkono. "Basi, jamani. Nondo nyingine zipo, na moto upo. Fundi, chukua nyundo utuonyeshe."

Shemeji akatazama moto, akatazama kishikio. Mkono wake haukwenda kwenye nyundo. Nikamwonea huruma, kwa kuwa sura ile ilikuwa ya marehemu kabisa. Lakini tanuri nisingemwachia.

"Njoo, shemeji, nitakufundisha," nikamwambia, nikamnyooshea koleo. "Kaka yako alikuwa akisema, kusokota kila mtu anajua. Kusokotoa ndiyo kazi."

Koleo likabaki mkononi mwangu. Alifungua kamba za aproni, akaivua, akaitundika kwenye pembe ya fuawe, akapenya katikati ya mafundi akatoka.