Simu ya Dawa za Norma

Simu ya zahanati ilimkuta Norma Tasker kashika chewa tumbo wazi. Pale kiwanda cha samaki cha Grimsby, Uingereza, simu hukaa kabatini mpaka zamu iishe, lakini zahanati ilishaonya: asiyepokea simu ya ukaguzi wa dawa, anakatiwa. Basi Clive, msimamizi, akamshikia simu mwenyewe, spika wazi, maana glavu za Norma zilikuwa zinachuruzika damu ya samaki.

"Fanya haraka, bibie. Mkanda wa samaki haukungoji."

"Norma, naitwa Imogen, mfamasia," ilisema sauti changa, tamu kama ya redioni. "Unameza vidonge vya kiungulia miaka mingi sasa. Tunajaribu kuwapunguzia watu. Bado vinakusaidia?"

"Bila hivyo silali."

"Ukiviacha, kiungulia hurudi kwa muda, kisha hutulia. Inua kichwa cha kitanda. Kula kidogo kidogo, mara nyingi."

Clive akacheka. "Mara nyingi? Hapa anakula mara moja, tena amesimama."

Norma naye akacheka. Bosi akicheka, unacheka.

"La mwisho. Unatumia dawa za maumivu? Za viungo, hata za kununua dukani? Hizo huchoma tumbo. Kama unazitumia, vidonge vya kiungulia nakuachia, vikulinde tumbo."

Vidole vya Norma vilikuwa vimevimba kama soseji ndani ya glavu. Kila alfajiri alivibembeleza kwa vidonge vya maumivu ndipo vikubali kushika kisu. Hazel, aliyekuwa akisimama karibu naye, aliwahi kukiri kwamba mikono inamuuma. Clive alimpa pole, akamwita kipenzi, na hakumpangia zamu tena.

Clive alikuwa ameacha kucheka. Akasogeza simu.

"Mjibu basi, bibie. Nami nasikiliza."

"Hapana, mwanangu," Norma akaiambia simu. "Situmii chochote."

"Safi kabisa. Basi tunavisimamisha."

Kabla ya Krismasi Norma aliinama juu ya mkanda kama anayetafuta pete. Alichotapika kilikuwa damu nyeusi, chembechembe kama mashapo ya kahawa, kikatapakaa juu ya minofu. Alipoanguka, wanawake wawili wakamburuta pembeni, wakamlaza juu ya maboksi. Gari la wagonjwa liliitwa, wakaambiwa wasubiri.

Clive akasimamisha mkanda, akatupa minofu iliyochafuka, akauosha mkanda kwa maji. Iliyobaki akainusa mmoja mmoja, kwa subira ambayo hakuwahi kumpa mtu.

"Hii inaliwa," akasema, akabonyeza kitufe, mkanda ukaanza tena.

Mwanamke aliyesimama upande wa kulia wa Norma akasogea kuziba pengo, akachukua chewa.