Majani ya Jumapili Horini kwa Kasimiri

Theophil wa Maisaka alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Ukimsalimia kwa furaha, anajiuliza unataka nini. Usipomsalimia, basi una lako jambo. Na mtu wa namna hiyo, jamani, ng'ombe wake alikuwa analelewa kwa mwingine, kule Mutuka kwa Kasimiri. Ndiyo mila ya Wairaqw: nakupa ng'ombe umtunze, maziwa na samadi vyako, ndama wangu, na tangu siku hiyo sisi ni ndugu. Baba zao ndio walioanza, na wana wakarithi ng'ombe pamoja na undugu.

Kiangazi kimoja Theophil alipita akamkuta ng'ombe wake, Malkia, anatafuna mabua makavu, huku watoto wa Kasimiri wananawiri kwa maziwa. Roho ikamuuma. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Careen, mama wa Paskasi, kwamba yule bwana anamkamua ng'ombe na kumnyima chakula. Careen akamwambia amuulize mwenyewe, ana mdomo. Kuuliza? Mwizi gani anakiri?

Akaamua kumlisha mwenyewe. Kila Jumapili, Kasimiri na jamaa yake wakiwa misani, Theophil alikata majani mabichi pembezoni mwa ziwa, pale penye tope na konokono, akayapakia kwenye bodaboda, akayamwaga horini na kuondoka haraka. Malkia aliyafagia yote, na Theophil akafurahi sana.

Lakini mvua zilipokwisha, Malkia akaanza kukonda. Manyoya yakasimama, akaharisha, chini ya taya pakavimba kama amebeba kifuko cha maji. Kasimiri akatuma habari. Theophil akasema moyoni: ahaa, lisemwalo lipo. Sasa anamnyima hata maji. Akaongeza majani, tena akachagua yale laini kabisa ya kwenye tope.

Malkia akafa asubuhi moja. Kwa mila, mwenye mali lazima aitwe aone kwa macho yake, mzoga haufunguliwi bila yeye. Theophil akaja amekunja uso, amejiandaa kwa ugomvi. Kasimiri alikuwa amemwita pia Soipei, daktari wa mifugo wa kata, naye akafungua tumbo na kulitoa ini. Lilikuwa gumu, lina makovu. Alipolikata, mifereji yake ikatoa minyoo bapa, mingi, inajikunjakunja kama vijani vidogo vilivyopata uhai.

Soipei akaeleza kwamba mdudu huyu hukua ndani ya konokono wa majimaji, kisha hung'ang'ania kwenye majani, na ng'ombe humla pamoja na majani hayo. Mabua ya shambani hayana shida hiyo. Akasema ng'ombe wote waliokula kwenye hori moja na Malkia wapewe dawa leo. Halafu akauliza nani alikuwa anamlisha majani ya ziwani.

Theophil aliona aibu ikimpanda, na kabla haijafika usoni, mdomo ukamtangulia.

"Muulize mwenye zizi," akasema.

Kasimiri alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Theophil.

"Kila Jumapili nikitoka misa nayakuta horini, Baba Paskasi. Nilijua ni yako. Nikasema, ng'ombe ni wake, siwezi kumkataza asimpende."

Theophil alitamani angetukanwa.

Kasimiri akaingia zizini akamtoa mtamba, binti wa Malkia, wa mwisho katika ukoo ule, akamkabidhi Theophil kamba.

"Mchukue wako. Baba yako akiwa na wasiwasi alikuwa anapiga hodi."

Mke wa Kasimiri alikuwa ameshabandika chai. Akaiepua bila kummiminia mgeni, akaingia ndani. Theophil akaondoka na mtamba wake kuelekea Maisaka, na hakuna aliyemsindikiza.