Lumbesa ya Mama Kihara

Hiram Njuguna alikuwa amekasirika tangu saa kumi na moja asubuhi, na kilichomkasirisha ni pasi. Mkewe Mugure, ambaye hakuwa amelala hata kidogo kwa maumivu, alikuwa amesimama jikoni akinyoosha rinda lake la Jumapili.

"Mama Kihara, tunaenda hospitali. Hatuendi harusi."

"Kwani hospitali watu huenda uchi?" alijibu Mugure, akahamia kwenye kola.

Rinda lenyewe halikuwa shida. Shida ni kwamba Mugure akishavaa vizuri, ugonjwa wote humtoka usoni. Miaka miwili iliyopita alitokwa na malengelenge ubavuni, ule ugonjwa watu huuita mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka, lakini moto ukabaki. Hata blanketi likimgusa alikuwa anaruka. Ng'ombe aliyemkamua mwenyewe miaka yote sasa alikamuliwa na Hiram, na ng'ombe hakufurahia mabadiliko hayo.

Lakini mpeleke mbele ya daktari sasa! Mara mbili Hiram alimpeleka, na mara mbili daktari akauliza, "Unaendeleaje, mama?" Naye Mugure, aliyelelewa kanisani akajua kwamba ukiulizwa hali unaanza kwa kushukuru, akajibu, "Niko sawa, daktari, Mungu ni mwema. Ni kaubavu tu kananisumbua kidogo." Wa kwanza akampa Panadol. Wa pili akasema ni umri. Wangefanya nini, na mgonjwa mwenyewe anawatabasamia?

Hii ilikuwa mara ya tatu. Hiram alikuwa amesikia kuna hospitali Nakuru ambayo kila Alhamisi huwaona watu wenye maumivu yasiyoisha, nao walikuwa wamengoja wiki tano kupata nafasi. Wakirudishwa nyumbani Molo na Panadol nyingine, hakujua angempeleka wapi tena. Hilo ndilo lililomkasirisha hasa, si pasi.

Waliomba lifti kwa jirani yao Kimutai, aliyekuwa akipeleka karoti mjini kwa pikapu. Kila walipopita tuta, kuanzia Salgaa hadi mjini, Mugure alishika mlango kwa mikono miwili na kuuma ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

"Hivyo ndivyo utamwambia daktari," Hiram akasema. "Hivyo hivyo."

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Baba Kihara, hebu niache nipumue."

Walipofika, Mugure akashuka, akanyoosha kitambaa kichwani, akamsalimia askari wa langoni, akawasalimia watu wote waliokuwa kwenye foleni mmoja mmoja, kisha akamwonea huruma mama mmoja mwenye goti bovu, akamshika mkono na kumwombea. Hiram alimtazama akaona mambo yameharibika mapema. Tumekwisha, alijiambia.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mtoto wao wa mwisho. Aliinuka kuwapokea, akasema anaitwa Chepkurui, akamtafutia Mugure kiti chenye mto kama bibi yake mwenyewe. Halafu akatoa kadi iliyoandikwa namba.

"Shosho, sifuri ni kama huna uchungu kabisa. Kumi ni uchungu usiovumilika. Wewe uko ngapi?"

Mugure akatabasamu. "Mbili."

"Mbili!" Hiram akasimama. "Mbili, haki ya Mungu? Mtu analala ameketi! Daktari, huyu mwanamke ananidanganya mimi, anakudanganya wewe, anamdanganya mpaka Mungu anayemshukuru! Mimi ninamsikia usiku. Ninamsikia..." Sauti ikamkatikia hapo hapo. Akakaa, akaona aibu.

Daktari hakumkemea. Alingoja mpaka mzee akapata pumzi, kisha akaiweka ile kadi kwenye droo na kuifunga.

"Shosho, nyumbani mnalima nini?"

"Viazi," Mugure akasema, akishangaa.

"Mimi ni mtoto wa Mau Narok. Nimebeba viazi mpaka nikachukia chipsi." Mugure akacheka. "Basi wacha tuongee kama wakulima. Tuseme huo ubavu umebebeshwa viazi. Asubuhi ukiamka, umebeba kiasi gani? Mkebe mmoja wa gorogoro? Debe?"

Hilo sasa halikuwa swali la kushukuru wala kulalamika. Lilikuwa swali la uzito, na kuhusu uzito wa viazi Mugure hajawahi kumdanganya mtu tangu azaliwe, hata dalali wa sokoni.

"Asubuhi ni debe mbili," akasema taratibu.

"Mchana?"

"Gunia."

"Na usiku?"

Mugure akatazama mikono yake. "Usiku ni lumbesa, daktari. Ile ya kujazwa mpaka juu, ikashonewa wavu, ikajazwa tena. Na hakuna mtu wa kunitua." Kisha akaanza kulia, palepale, na rinda lake la Jumapili.

Hiram aliumia kusikia hivyo, na papo hapo akafurahi kwamba hatimaye limesemwa. Vyote viwili vilimjia kwa pamoja, akabaki tu akimshika mkewe bega la upande usiouma.

Daktari Chepkurui akasogeza kiti chake karibu. Akaeleza kwamba malengelenge yaliondoka lakini mishipa ya fahamu ilibaki imeumia, ndiyo inayochoma. "Si umri, shosho. Na si wewe unadeka. Sitakudanganya kwamba nitautua mzigo wote leo. Tutapunguza polepole." Akaandika vidonge vidogo vya kumeza jioni na dawa ya kupaka. "Mzee, kila Alhamisi unipigie, uniambie amebeba ngapi."

Hiram akapiga simu kila Alhamisi kama mtu wa redio anayesoma habari. Wiki ya kwanza, lumbesa bado. Ya tatu, gunia. Baridi ya Julai ikaupandisha mzigo tena, daktari akaongeza dawa kidogo. Agosti, debe moja, na Mugure akalala kitandani usiku kucha huku Hiram akikaa macho kumsikiliza akikoroma. Wimbo mtamu kama huo alikuwa hajawahi kuusikia.

Asubuhi moja ya Septemba alichukua ndoo, akaenda zizini akiwa tayari kugombana na ng'ombe. Akakuta amekwisha kukamuliwa. Mugure alikuwa ameketi kwenye kigoda, maziwa yakitoa povu mbele yake.

"Mama Kihara! Leo ngapi?"

"Leo ngapi nini?"

"Mzigo!"

Mugure akafikiri, akashika ubavu, akaanza kucheka. "Aii, baba Kihara. Nimesahau kupima."

Hiram akasimama na ndoo yake tupu. Mugure akaacha kucheka, akamtazama.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Miaka miwili umenibeba. Wewe umebeba ngapi?"

Hiram akafungua mdomo aseme yuko sawa, Mungu ni mwema. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini Mugure alikuwa akingoja, hana haraka, vile daktari alivyongoja siku ile.

"Lumbesa," akasema, akaiweka ndoo chini.

Mugure akainuka mwenyewe, bila kushika kitu, akamsukumia kigoda. "Basi tua."

Hiram akaketi, akalia na kucheka kwa wakati mmoja, na ng'ombe akageuza kichwa kuona ni nani anayempigia kelele asubuhi yote hiyo.