Kijiko Nyuma ya Pazia

Mzee alikuwa na njia moja tu ya kumsifu mkewe, nayo ni kunyamaza. Miaka arobaini alighani utenzi wake uso ukiwa ukutani, mke nyuma yake kwenye cherehani. Mke akijitia kufuatisha na kukosea neno, mzee aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ko. Asipokosea, kimya, hata ahsante hakuna. Mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliwaambia wateja wake kwamba ameolewa na mlango.

Sasa kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mzee ulimi na mkono wa kulia. Alikuwa amelala chumbani nyuma ya pazia, mkono wa kushoto umeshika kijiko cha bati, na kwa kijiko hicho aligonga chuma cha kitanda. Daktari alishawaambia wajiandae.

Utenzi wa Mwana wa Mjane ulikuwa na sehemu saba. Fundi alizijua sita. Ya saba, mwisho wa shujaa, waghani walikatazwa kuitamka chini ya paa wanalolala, kwa hiyo mzee aliwafundisha wanafunzi wake wawili uwanjani. Wote wawili walishatangulia mbele ya haki. Sehemu ya saba ilibaki katika kichwa kimoja, na kichwa chenyewe hakikuwa na ulimi.

"Na wewe mama hukuwahi kutega sikio?" aliuliza mwalimu wa chuo, binti mwembamba aliyekusanya tenzi na hadithi za kale za mataifa mbalimbali. Fundi alimbandika jina la Daftari.

"Nilitega. Nilijibanza nyuma ya ua na beseni la nguo, mara tatu. Kila mara shujaa alipofika mtoni, mtoto wangu mmoja alilia. Watoto wangu hawajui wakati, wamemrithi baba yao."

Kwa siku nne Fundi alighani, Daftari akaandika, kijiko kikasahihisha. Asubuhi hiyo walifika mtoni: moto nyuma ya Mwana wa Mjane, maji mbele yake. Hapo Fundi alikwama. Alipochungulia nyuma ya pazia, aliona jicho la mzee lililobaki zima likichuruzika machozi mpaka sikioni. Alimfahamu mume wake kwa ubishi, kwa uchoyo wa sifa, kwa kukoroma. Kwa kulia hakumfahamu. Anaondoka na kitu kimemkwama kooni kama mwiba wa samaki, alijisemea, na mimi nimekaa hapa napiga pindo.

Akaketi tena kwenye cherehani.

"Mwanangu, huyu hawezi kusema lililo sawa. Lakini kosa hajawahi kulivumilia maishani. Basi tumkosee mpaka tupatie. Nipe miisho ya wenzetu."

Daftari akafungua kurasa. "Kuna watu wa nchi za baridi. Shujaa wao analazwa kwenye mtumbwi, unawashwa moto, unasukumwa majini."

Fundi akaighani. Ko.

"Kuna wanaosema anapaa mbinguni akiwa hai."

Ko.

"Huko hataki," alisema Fundi. "Anaogopa ngazi. Lete mwingine."

"Analala pangoni na jeshi lake, ataamka watu wake watakapomhitaji."

Ko, kwa hasira.

"Huyo ni yeye mwenyewe, analala na kuniachia vyombo. Endelea."

Akageuka jiwe. Ko. Akamezwa na ardhi. Ko. Ndege akambeba. Ko, lakini dhaifu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Daftari alipindua kurasa kwa pupa, jasho likimtoka puani. Maandiko matakatifu ya mashariki, ngano za visiwani, majitu, mafuriko. Kila mwisho ulipata ko yake, na kila ko ilikuwa ndogo kuliko iliyopita.

"Yameisha, mama."

"Yameisha?"

"Niliyo nayo ndiyo hayo."

Fundi alitazama mikono yake. Kisha akaghani la kwake, kwa sauti ya chini, bila kumwangalia mtu:

"Mwana wa Mjane akaketi ukingoni, akavua viatu, akasema, nimechoka. Ng'ambo mama yake akamwita: njoo mwanangu, chakula kinapoa. Na maji yakampisha."

Wakasubiri. Kimya.

"Amekubali," alinong'ona Daftari, na kalamu ikaanza kukimbia. Fundi alitabasamu kama msichana aliyesifiwa mbele ya darasa. Ukimya ukaendelea. Tabasamu likabaki usoni peke yake, halina mwenyewe.

"Usiandike kwanza."

"Mama, si amenyamaza?"

"Nimesikia. Sijui amenyamaza lini."

Pazia lilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye kiti chake. Hakuinuka. Alirudi mwanzo kabisa wa utenzi, mstari wa kwanza, ule aliowahi kuukosea akiwa bi harusi mpya, mzee akamrushia kiatu.

"Nawasimulia mwana wa mfalme," alighani.

Kimya.

"Mwana wa mfalme, aliyezaliwa juu ya zulia." Akapandisha sauti. "Baba yake yu hai, ana wake saba, mama yake hajawahi kufiwa."

Daftari alikuwa amelaza kalamu na kuziba mdomo kwa kiganja. Fundi aliendelea, mstari baada ya mstari, akiharibu kila neno alilolijua, sikio limeelekea kwenye pazia, na kila mwisho wa mstari aliacha nafasi inayotosha pigo moja la kijiko.