Kizingiti cha Biancaluna

Waliohudhuria kikao cha Kamati ya Matembezi na Burudani ya mji wa Portosaldo, Jumamosi ya pili ya mwezi Juni, saa nne kamili asubuhi, walikuwa hawa: Bwana Ottavio Ghigliazza, mwenye hoteli, aliyekuwa mwenyekiti, Bwana Oreste Canepa, katibu, ambaye marehemu baba yake alikuwa na duka la vyakula, Bi Mirella Solari, muuza aiskrimu, na Ersilia Bovone, mwongoza watalii. Alikuwapo pia Bi Nives Dapelo, mwenye umri wa miaka themanini na minane, ambaye hakuwa mjumbe wala hakualikwa. Kikao kilifanyika kichochoroni mbele ya mlango wake. Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha majani akichambua maharagwe mabichi, na hakuona sababu ya kuhama.

Ajenda ilikuwa moja, nayo ni mahali pa kutundika kibao. Kibao chenyewe kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimefunikwa blanketi ya hoteli. Kilikuwa cha marumaru nyeupe, na maandishi yake Ersilia aliyajua kwa moyo, kwa kuwa maneno mengi yalikuwa yake: *Hapa bibi harusi Biancaluna alimngoja baharia wake, akipiga hatua usiku na mchana, hata jiwe likalika chini ya miguu yake.* Chini ya maneno hayo liliandikwa jina jipya la mahali. Kilichokuwa Kichochoro cha Watia Chumvi sasa kingeitwa Kichochoro cha Biancaluna.

Jiwe lililotajwa lilikuwa pale pale, kizingiti cha nyumba iliyotazamana na mlango wa Bi Nives. Lilikuwa jiwe la kijivu, na upande wake wa kushoto lilikuwa na bonde refu, laini, lenye kina cha bakuli la mchuzi. Watalii walivua viatu, wakaweka mguu ndani ya bonde hilo, wakafumba macho na kuomba wapenzi wao warudi, au waje, au waondoke, kila mtu na haja yake. Halafu waliteremka gatini, wakanunua kwa Mirella aiskrimu ya ndimu na chumvi iitwayo Machozi ya Biancaluna, wakapanda mashua kwenda kuogelea katika ghuba ya pili. Hivyo ndivyo asubuhi za kiangazi zilivyopangwa Portosaldo, na mpango huo ulikwenda vizuri.

"Mimi nasema kiwekwe juu ya mlango," alisema Bwana Ottavio, "ili aonekane na mnara nyuma yake katika picha."

"Nani aonekane?" aliuliza Bi Nives bila kuinua macho.

"Kibao, Bi Nives. Kionekane."

"Ahaa. Nilidhani bibi harusi amerudi. Ningemuuliza alivaa viatu gani vya chuma hata akala jiwe la watu namna hiyo."

Mirella alicheka, kisha akakumbuka kwamba yuko kikaoni. Oreste, mtu mwenye mwandiko safi na asiyependa kufuta, alisimamisha kalamu akasubiri asikie kama maneno hayo yaingie katika muhtasari.

Ersilia hakucheka. Alikuwa akilitazama blanketi. Tangu kadi ya mwaliko ilipomfikia, wiki mbili nzima, alikuwa amejizoeza kunyamaza, na hadi dakika hiyo alidhani amefaulu. Hadithi ilikuwa imempa mkate kwa miaka ishirini na mitatu. Makundi yote ya hoteli ya Ottavio yalipitia mikononi mwake. Lakini hadithi inayosimuliwa hupita na upepo, na jina la kichochoro likishafutwa kwenye ukuta limefutwa. Wanawake thelathini walifanya kazi ya chumvi nyuma ya mlango ule wa kizingiti. Jina la kichochoro ndilo jambo pekee lililobaki kusema kwamba walikuwapo.

"Sikubali," alisema.

"Hukubali juu ya mlango? Basi kando," alisema Ottavio.

"Sikubali kibao. Biancaluna hakuwapo. Nilimtunga mimi."

Ottavio alimtazama kwa huruma ya mtu anayeona mwenzake amesimama juani muda mrefu. "Ersilia, dada yangu, umechoka. Hadithi hiyo ni ya kale. Bibi yangu alinisimulia nikiwa nimekaa mapajani pake."

"Na mimi shangazi yangu," alisema Mirella. "Tena alisema baharia alikuwa na jicho moja."

"Bibi yako, Bwana Ottavio, alikufa lini?"

"Mwaka wa sabini na nane, Mungu amrehemu."

"Basi alikusimulia kutoka kaburini. Nilimtunga Biancaluna mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza watu, siku ya mvua, nikiwa nimesimama hapa hapa uliposimama wewe."

Akawaeleza, kwa mpangilio, kwa sababu alijua kwamba akiruka kitu watamponyoka. Kundi lilikuwa la watu arobaini kutoka kaskazini, wamelowa, wamekasirika. Chumba cha kutilia dagaa chumvi nyuma ya mlango ule kilikuwa kimefungwa miaka saba, lakini mvua ilipopiga mfereji, harufu ya dagaa ilipanda kama zamani. Mama mmoja aliziba pua akauliza kwa nini kizingiti kimelika. Ersilia alilijua jibu. Mapipa ya dagaa wa chumvi yalikuwa mazito kuliko wanaume, na wanawake waliyatoa kwa kuyalaza kidogo na kuyaviringisha kwa ukingo wake, kila mara upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia kulikuwa na bomba. Maji ya chumvi yalimwagika juu ya jiwe hilo miaka themanini. Mama yake mwenyewe, Delfina, alikuwa amesukuma mapipa hayo tangu akiwa na miaka kumi na tatu.

Na Ersilia ndiye mtoto aliyeitwa Dagaa darasani, aliyekaa peke yake kwenye dawati la mwisho karibu na dirisha, kwa ombi la wazazi wa wengine. Mama yake alikata vichwa vya dagaa kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ngozi ikapasuka, akapaka mafuta ya zeituni, akalala na soksi mikononi. Hakuna sabuni iliyoiondoa harufu ile. Mbele ya watu arobaini walioziba pua, Ersilia, mwalimu wa shule aliyeacha kazi ili aonyeshe uzuri wa mji wake alifungua mdomo, na badala ya mama yake akatoka bibi harusi.

"Walilia," alisema Ersilia. "Watu wazima walilia. Kesho yake nikasimulia tena."

"Hadithi nzuri," alisema Ottavio, "ya jinsi unavyodhani ulitunga hadithi nzuri. Mwaka gani, siku gani, haijalishi. Labda uliisikia utotoni ukasahau. Mambo hayo hutokea. Oreste, andika kwamba mjumbe ana mashaka."

Ersilia alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa dharau, hata kwa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kwa kutoaminiwa. Aliona kwamba uongo wake ulikuwa umekomaa, una ukoo, una shangazi na bibi, na kwamba yeye aliyeuzaa hakuwa na cheti cha kuonyesha.

"Jina," alisema. "Jina nililitoa pale." Akaonyesha dirisha la juu ya mlango wa Bi Nives. "Kulikuwa na boksi la sabuni ya unga kwenye ukingo wa dirisha. La buluu, lina mwezi. Biancaluna. Bibi harusi wenu ni sabuni ya kufulia."

Oreste akavua miwani.

"Kilo moja na kilo tatu," alisema polepole. "Baba aliziweka rafu ya chini, karibu na siki. Ilitengenezwa Genova. Kiwanda kilifungwa." Alimgeukia mwenyekiti akiwa na uso wa mtu aliyegundua kosa katika muhtasari wa miaka mingi. "Ottavio, mimi mwenyewe nilikuwa nikizibeba. Sijui kwa nini sikuwahi kuliwaza."

"Kwa sababu ulikuwa unataka mguu wako uingie kwenye jiwe kama wengine," alisema Bi Nives. "Nilikuona, mwaka ule Ivana alipokuacha. Ulivua hata soksi."

Mirella sasa alicheka bila kujizuia, na Oreste akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Bi Nives," alisema Ottavio, "wewe ulijua?"

"Nilikuwa jikoni. Dirisha lilikuwa wazi. Delfina alikuwa kwenye kiti hiki, ana kikombe cha kahawa mkononi, na binti yake amempa mgongo, hajamwona."

Ersilia alikitazama kiti. Hilo hakulijua kwa hakika. Jioni ya siku ile mama yake aliandaa chakula kama kawaida, mkate bapa na nyanya, akaketi, akala, akakunja leso. Ndipo alipouliza swali moja tu: "Na huyo bibi harusi, muda wote huo alikuwa akila nini?" Ersilia alijifanya hakusikia. Mama yake hakuuliza tena hadi alipofariki.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza Bi Nives.

"Delfina alinikataza. Alisema maneno ni yako, na wa kuyafuta ni wewe. Basi nimekaa. Kama kuna mtu aliyengoja kwenye kichochoro hiki, mwanangu, ni mimi. Miaka ishirini na mitatu, na jiwe langu halijalika, maana nilikuwa nimekalia kiti."

Ottavio alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamka kila siku kabla ya wapishi wake, na aliyejua vitanda vingapi vimekaliwa. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya biashara, safi kama meza iliyopanguswa.

"Vyema. Tuseme ni sabuni. Nani ameumia? Watu wanakuja, wanapumzika, wanaogelea, wanapendana. Unataka niwaambie watu wasafiri kwa saa kumi kuja kutazama chumvi? Wana chumvi kwao. Mirella, sema."

"Nina ndoo sita za Machozi kwenye friza," alisema Mirella kwa unyonge. "Na vikombe vimeshapigwa chapa. Ersilia, shoga, ungesema mwezi wa pili."

"Tupige kura," alisema Ottavio. "Kibao kitundikwe leo. Mimi ndiyo."

Mirella aliinua mkono nusu, kisha wote. Ersilia alisema hapana. Oreste alisema kwamba kanuni hazimruhusu katibu kupiga kura, ila zingemruhusu angejua la kufanya.

"Wawili kwa mmoja. Limepita," alisema Ottavio. "Na wewe, Ersilia, sikiliza kwa wema. Kundi la leo ni lako, nimeshakuahidi. Ukilisimulia Biancaluna kama siku zote, Jumatatu utapata jingine, na kiangazi chote, na mwakani. Ukilisimulia sabuni, Jumatatu atakuja kijana kutoka Genova. Amechukua darasa la maigizo. Analia anapotaka."

Alilivuta blanketi. Marumaru iling'aa juani hata wote wakafinya macho.

Toka upande wa gati zilisikika ndala kwenye mawe. Kundi la saa nne na nusu lilikuwa linapanda, watu ishirini na wawili, na kofia zao za majani na taulo mabegani, tayari kwa mashua. Waliokuwa mbele walikwisha kuona kizingiti. Mwanamke mmoja mwenye gauni la maua aliinama akafungua mkanda wa kiatu, akauingiza mguu katika bonde la jiwe, akafumba macho.

Ersilia alimngoja amalize. Alidhani kwamba heshima hiyo mgeni alistahili; hakuja na uongo, aliukuta. Mwanamke alipofumbua macho, akatabasamu na kusogea pembeni, Ersilia alipanda yeye juu ya kizingiti, akasimama na miguu miwili, mmoja ndani ya bonde na mmoja nje, ukuta nyuma yake na kibao kando ya goti lake. Ottavio alimtikisia kichwa kidogo, kama baba anayemkumbusha mtoto mezani. Oreste alifungua ukurasa mpya.

Aliwasalimu wageni. Akageuka kidogo, ili kamati nayo isikie, na Bi Nives, ambaye sikio lake la kulia halikuwa zuri.

"Kabla hatujaendelea na matembezi, nina uamuzi wa kutangaza, na namwomba katibu auandike neno kwa neno. Kibao hiki kitundikeni. Mmekipigia kura na sitakigusa. Lakini kuanzia leo, kila asubuhi saa nne na nusu, nikiwa na kundi au bila kundi, nikiwa mwongozaji wenu au mkazi tu wa Portosaldo, nitasimama chini yake na kusema kwamba nilidanganya, na kwa nini nilidanganya. Nitasema hapa ni Kichochoro cha Watia Chumvi. Nitataja majina ya wanawake waliosukuma mapipa juu ya jiwe hili, yote ninayoyajua, na yale nisiyoyajua Bi Nives atanifundisha. Wa kwanza ni Delfina Bovone, mama yangu. Asiyetaka kusikia, mashua iko gatini na maji ni ya joto. Mimi naanza sasa."